Bati Lisilolia

Januari 5

Mimi, Jotham Sperry, ni mtu mwenye bahati kuliko wote kati ya hapa Gati la Haddon na Boston. Nimevuka mto kwenye barafu nyembamba kama ganda la yai, haikupasuka. Farasi alinipiga teke, akavunjika mguu yeye. Homa ilipopita New Haven ikizoa watu, mimi nilikuwa nimekaa motoni nakula nyama ya nguruwe. Tangu nizaliwe sijamzika mtu niliyempenda. Mauti yakifika mlangoni kwangu husoma jina, yakacheka, yakaenda kwa jirani. Sina mke wa kunifokea wala mtoto wa kuniamsha.

Shule nilisoma majira matatu ya baridi, na mwalimu alisema kichwa changu kimejaa upepo. Upepo huohuo ndio unaozungusha kerezo, yaani mashine ya kuchongea bati, la Mzee Ozias Penfield. Hapa karakanani kwake tunatengeneza vyombo vya chai vya pyuta, yaani bati lililotiwa shaba kidogo na wanja wa mawe ili liwe gumu. Ni fedha ya mtu asiye na fedha. Mabuli yangu yanamimina bila kudondosha hata tone kwenye kitambaa cha meza, na wanawake wa wilaya hii wamelia kwa furaha wakiyaona. Wengine wamelia kwa kuniona mimi, ila hayo si ya kuandika.

Nitaandika mpaka matope yakauke na wachuuzi waondoke na mizigo yetu. Tuone kama nina uvumilivu.

Januari 8

Baridi. Mzee Ozias kapiga chafya, meno yake ya bandia yameangukia kwenye vumbi la bati. Kayafuta kwa shati, kayarudisha. Yanang'aa.

Januari 12

Amekuja Zophar Gillet na mkewe, Mindwell. Zophar ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Anapakua mizigo ya mwenye duka pale gatini, na huingia popote akiimba, hata kanisani.

"Jotham, mwongo wa taifa! Bado hujafa?"

"Nife nimwachie nani mabuli? Wewe? Wewe hata ndoo nzima inavuja ukiishika."

Mindwell hakucheka. Alifungua kitambaa juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na vijiko na vibakuli viwili. Mwaka jana walizika watoto wawili, Asahel wakati theluji inayeyuka, na Roxana wakati majani yanaanguka. Tumbo, halafu degedege. Daktari alisema minyoo.

"Shemeji," akasema, "nataka buli. Litoke kwenye hivi, na hivi tu. Usichanganye na bati la mtu mwingine hata chembe."

Si ombi geni. Akina mama wa hapa huleta sahani ya bibi aliyekufa, tukaiyeyusha peke yake ndani ya sufuria iliyosafishwa, ikarudi nyumbani na sura mpya. Bati la mtu ni la mtu.

Nikamwambia, "Nitakutengenezea buli ambalo mfalme wa Uingereza akiliona ataomba radhi kwa vita vile vya zamani."

"La mfalme silitaki. Nataka nikimimina chai, mkono wangu ushike walichoshika wao."

Zophar aligeukia dirishani, akajifuta pua kwa mkono wa koti. Nikaapa kwa kichwa changu. Ninaapa sana, lakini hapo nilimaanisha.

Januari 13

Theluji. Vifuniko kutwa nzima.

Januari 19

Sijui nianzie wapi.

Kabla ya kuyeyusha bati la mteja, fundi hukunja kipande karibu na sikio. Bati zuri hulia. Linatoa mlio wa kech-kech-kech, kama mtu anayekanyaga theluji iliyoganda. Nimechukua kijiko kimoja cha Mindwell, nimekikunja. Kimya. Kimelegea tu kama mshumaa uliokaa juani. Nikadhani masikio yangu yameziba kwa baridi, nikakunja kipande chetu. Kikalia kama kawaida. Nikarudia cha Mindwell. Kimya cha kaburi.

Nikakisugua kwenye karatasi. Kimechora mstari mweusi, mnene. Pyuta nzuri haichori hivyo. Risasi ndiyo inayochora.

"Mzee," nikaita, "hebu njoo. Hii ni risasi. Labda kuna chembe ya bati ndani, lakini hii ni risasi."

Mzee Ozias akakikwaruza kwa ukucha, akakiweka chini kana kwamba kimemng'ata. "Buli la kitu hiki humpi mtu anywe. Chai ikilala humo, tumbo litasimulia."

"Nimwambie?"

"Umwambie nini? Kwamba urithi wa wanawe ni takataka? Chukua bati letu safi, mtengenezee, mpe, alie, aende. Bati halina uso, Jotham."

"Nimeapa."

"Wewe umewaapia watu kwamba ulikula chakula cha mchana na rais, na kwamba ulimpanda dubu kutoka Hartford. Leo ndiyo kiapo kimekukaba koo?"

Nikaona anasema kweli. Kitambaa na vyombo vyake nimevisukuma chini ya benchi.

Januari 23

Nimesubu nusu mbili za buli la Mindwell, yaani nimeyeyusha bati letu na kulimimina kwenye kalibu lipate umbo. Nilizamisha kijiti cha msonobari kwenye sufuria, kikaungua rangi ya asali, ndiyo dalili kwamba moto umetosha. Kalibu imejaa vizuri. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikumwonyesha mtu.

Januari 27

Zophar kanialika chakula. Nyama ya chumvi, maharage, na uji mzito wa mahindi na asali ya miwa.

Binti yao aliyebaki ni Keziah, mtoto mmoja tu sasa, ana miaka mitatu. Siku ya Shukrani, baada ya mavuno, alinipanda kama kindi, akaninyang'anya kiko. Leo alikuwa kalala kifuani kwa baba yake, mweupe kama nta, kiganja kimoja kinaning'inia kama ua lililokatwa. Mdomoni alikuwa na kijiko anakinyonya.

Nilikitambua. Kilitoka kalibu ileile ya vijiko alivyoniletea, na mpini wake una kovu kama vyao.

"Kimoja nilikibakiza," Mindwell akasema alipoona ninakitazama. "Kilikuwa cha Roxana. Kezi hali bila hicho. Hata usingizi haumchukui asipokinyonya."

Nikajilazimisha kucheka. "Zophar, ndugu yangu, vyombo hivi ulinunua wapi?"

"Kununua! Mwenye akili hanunui. Yale makasha ya chai ya China, si yamepigwa bati jembamba kwa ndani chai isipate unyevu? Mwenye duka anayatupa. Mimi nikayabeba. Kalibu ya vijiko ilipofika zamu ya nyumba yetu, nikasubu mwenyewe hapo motoni. Na vibakuli nikavigonga kwa nyundo juu ya gogo. Unadhani fundi ni wewe peke yako?"

Kalibu ile inazunguka nyumba kwa nyumba, kila mtu anaijua. Lakini lile la makasha ya chai si bati. Ni risasi iliyopondwa ikawa karatasi. Kila fundi wa karakana yetu anajua. Sikuwahi kufikiri kwamba yupo mtu asiyejua.

"Walivipenda," Mindwell akasema. "Nilikuwa nawawekea tufaha za kuchemsha na siki humo, zinalala hadi asubuhi. Zinakuwa tamu ajabu. Asahel alikuwa analamba bakuli mpaka ling'ae."

"Tamu kuliko sukari," Zophar akasema. "Mimi mwenyewe nilionja."

Mindwell akamgusa mtoto paji la uso. Akasema polepole, "Na huyu naye ameanza tumbo. Kama wenzake."

Nilisimama. Nikasema nimesahau moto chini ya sufuria, nikatoka bila kofia. Nyuma ya ghala lao nilitapika maharage yote. Mimi, ninayesema mpaka kuku wanaacha kutaga, nilikosa neno moja la kumwambia rafiki yangu mezani kwake.

Januari 28

Sikwenda kazini. Mzee kaniita mvivu. Sawa.

Februari 3

Nimemtengenezea Kezi kijiko kidogo cha bati safi, mpini wake nimeuchora ndege. Nilidhani nimepata ujanja. Ataacha kile, atachukua hiki, na hakuna atakayelazimika kusema lolote.

"Kizuri, shemeji," Mindwell kasema, "lakini cha dada yake ni cha dada yake."

Kezi kakitupa changu chini ya meza. Nikajaribu kukichopoa kile cha zamani nikikipitisha mkononi kama mcheza mazingaombwe. Mindwell kaniona.

"Eh! Fundi mzima, sasa unaiba vijiko vya watoto?"

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Roxana afe. Na mimi nikacheka. Mungu anione, nilicheka, nikamrudishia.

Februari 5

Dhoruba. Njia zimefungwa.

Februari 6

Dhoruba.

Februari 7

Dhoruba. Nimelehemu mdomo wa buli, nimetia kishikio. Sasa hivi yule mtoto ananyonya nini?

Februari 8

Dhoruba. Mzee anauliza kwa nini siongei. Anasema karakana imekuwa kama kanisa.

Februari 11

Nitaandika yote.

Njia imefunguka. Mindwell amekuja kwa mguu, theluji hadi magotini. Buli lilikuwa tayari juu ya meza, nimelisugua mpaka dirisha zima linaonekana tumboni mwake. Aliliona akasimama mlangoni. Hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Akaja, akalibeba kwa mikono miwili kama mtu anavyobeba mtoto mchanga, akaliweka shavuni.

"Haya wanangu," akaliambia. "Haya. Mmefika nyumbani."

Mzee Ozias alinikazia macho kutoka kwenye kerezo lake, akatikisa kichwa mara moja, yaani nyamaza.

Nikanyamaza. Ningeendelea kunyamaza, nakiri. Lakini akasema, "Kezi anaumwa sana. Jana kiganja cha pili nacho kimelegea. Nataka nimnyweshe chai kutoka humu, labda hawa watamwombea."

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Silo."

"Silo nini?"

"Hilo buli silo la watoto. Ni bati letu."

Kwanza hakuelewa. Alipoelewa, macho yakawa mawe. "Umeliuza bati la wanangu."

"Hapana, shemeji."

"Mwizi! Watu walinionya, Jotham Sperry ni mdomo mtupu. Nikasema mdomo ndiyo, lakini moyo anao. Uko wapi moyo wenyewe? Umewauza kwa nani wanangu?"

Nikainama, nikatoa kitambaa chake chini ya benchi. Vyote vilikuwemo. Nikachukua kijiko, na kwa kuwa sikujua namna nyingine, nikashika ncha ya aproni yake nyeupe, nikapitisha kijiko juu yake.

Mstari mweusi.

Nikachukua kijiko chetu, nikakipitisha kando yake. Aproni ikabaki nyeupe.

"Hiki ni bati," nikasema. "Hicho ni risasi. Makasha ya chai si bati, Mindwell. Siki inaila. Ndiyo maana tufaha zilikuwa tamu."

Hakulia. Aliutazama ule mstari. Alipitisha kidole juu yake, akakitazama kidole. Kerezo la Mzee lilikuwa limesimama. Nilisubiri anipige, anitukane, aanguke. Akasema maneno mawili tu, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyesahau chungu motoni.

"Na Kezi."

Akaacha buli, akaacha kitambaa, akatoka. Nilimwona dirishani akikimbia kwenye theluji, anaanguka, anainuka, anakimbia.

Februari 12

Zophar amekuja. Hakuwa anaimba.

"Mindwell haongei na mimi," akasema. "Amekaa anautazama ule mstari kwenye aproni. Kijiko kakitupa nje, mtoto analia anakitaka. Sasa niambie wewe. Sema si kweli."

Nikaendelea kusugua kifuniko.

"Jotham, wewe ni mwongo. Dunia nzima inakujua. Ulikula na rais. Ulimpanda dubu. Basi nidanganye. Mara hii moja tu, ndugu yangu. Sema ni bati."

Nilifungua mdomo. Uongo umenilisha miaka yote hii, lakini jana na leo haupo. Hautoki.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku niliyokula kwako."

Akafikiri. Niliona akifikiri. "Yaani dhoruba yote," akasema, "dhoruba yote wewe unajua, na mtoto yuko nacho mdomoni."

Akanipiga ngumi ya taya. Sikujikinga. Halafu yeye ndiye aliyekaa sakafuni, kwenye vumbi la bati, kichwa katikati ya magoti.

"Walisema tamu, Jotham. Walikuwa wananiambia, baba, tamu."

Mzee Ozias alitoka nje akajifanya anatafuta kuni.

Februari 13

Jino moja limetoka.

Februari 16

Kumbe si nyumba moja. Zophar aliwagawia wenzake karatasi za makasha bure, kwa wema, na kalibu ilizunguka na zamu. Nimemwambia Mzee kwamba lazima twende nyumba kwa nyumba.

"Ukiwatangazia watu kwamba vijiko vinaua, nani atanunua buli langu? Watasema pyuta yote ni sumu! Utaua karakana!"

"Basi niende na nini? Nikiwanyang'anya vijiko watakula kwa vidole?"

Mzee akayatoa meno yake, akayafuta, akayarudisha. "Vijiko vya akiba viko kwenye kasha la nyuma," akasema. "Mimi nakwenda kumwona ng'ombe. Ng'ombe huyo nitamwona sana leo."

Tumezunguka mimi na Zophar. Yeye alibeba kikapu, hakusema neno. Mimi nilisugua vijiko kwenye karatasi. Palipochora, tulibadilisha. Kwa mjane wa kilimani tulipokewa vizuri. Kwa jirani yake tulifunguliwa mbwa.

"Mnatuambia tunawaua watoto wetu?" yule mama akapiga kelele.

Zophar akavua kofia, mbwa kashika suruali yake. "Hapana, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyewaua wangu. Nimekuja ili wewe usiwe mimi."

Yule mama akamwita mbwa wake. Akaleta vijiko vyote kwenye aproni.

Nilidhani namjua Zophar. Nilidhani ni wimbo tu na vicheko.

Machi 2

Kezi amepata degedege.

Machi 3

Tena. Daktari anampa maziwa na mafuta ya mbarika, anasema hajui. Nimempenda kwa kusema hajui.

Machi 4

Mzee Ozias, shemasi wa kanisa, ameniuliza mimi jinsi ya kumwombea mtoto.

Machi 9

Leo degedege halikuja.

Machi 21

Utomvu wa miti ya sukari umeanza kutiririka. Zophar kamwaga sukari ya moto juu ya theluji, ikaganda, kampelekea Kezi. Kezi alinyoosha mkono. Ulitetemeka, ukashuka, akaunyoosha tena. Akakichukua kipande mwenyewe. Zophar alikuja mbio mpaka karakanani kuniambia, akasimama mlangoni, akakumbuka hatusemezani, akaniambia hivyohivyo.

Aprili 1

Matope mpaka kwenye ekseli za mikokoteni. Kezi amenipanda. Si juu sana, mpaka gotini.

Aprili 10

Barabara imekauka. Wachuuzi wamepakia mabuli yetu, wamekwenda zao kaskazini, wanaapa uongo mzuri kuliko wangu.

Mindwell alikuja wakati karakana imebaki tupu. Sijamwona humu tangu siku ile. Amekonda. Alisimama palepale aliposimama.

"Ardhi imelainika," akasema. "Zophar amechimba pembeni ya makaburi. Vijiko alivyovichukua hapa tumevifukia huko, na vibakuli. Na aproni."

"Umefanya vema, shemeji."

"Lile buli bado lipo?"

Lilikuwepo. Wachuuzi wawili walilitaka, nikawaambia limepasuka. Nikalishusha. Aliligeuza, akafungua kifuniko, akachungulia ndani, akalinusa.

"Ndani yake hamna watu."

"Hamna. Ni bati tu."

"Basi nitalichukua. Kezi anapenda kumwaga maji kwenye kitu." Akalifunga kwenye shali. Akafika mlangoni, akarudi nyuma. "Nimekuchukia, Jotham. Nataka ujue. Ulichora ule mstari kwenye nguo yangu kama mtu anayemwonyesha mteja bidhaa. Nikajiuliza, mtu anapataje mkono wa kufanya vile bila kutetemeka? Halafu nikakumbuka unavyojisifu. Hujawahi kuzika. Kwako ilikuwa rahisi kusema, kwa sababu una bahati."

"Kweli, shemeji," nikamwambia, nikacheka na pengo langu. "Mimi nina bahati."

Akaenda. Niliona ncha ya mdomo wa buli ikitokeza kwenye shali mpaka alipopinda kona.

Nilichoandika Januari ni uongo. Ile homa ya New Haven ilimchukua mke wangu, Lois, na baadaye wiki ileile ikamchukua binti yetu, Submit, aliyekuwa na umri wa Kezi. Niliwazika mwenyewe, kabla sijahamia hapa, na hapa sijamwambia mtu. Sina bahati, sijawahi kuwa nayo.